"Somo Limeeleweka": Swali la Kufungia Kipindi cha Hisabati na Kiswahili cha Mtoto wa Bagamoyo

Katika andalio la somo ambalo mwalimu wa shule ya msingi nchini Tanzania hulijaza kabla ya kuingia darasani, chini kabisa ya ukurasa, huachwa nafasi ya tathmini. Nafasi hiyo hujazwa kipindi kikisha, na mara nyingi hujazwa kwa sentensi moja iliyokwisha kuwa desturi: "Somo limeeleweka." Kwa msomi wa Kiswahili sentensi hiyo fupi ina jambo la kumsimamisha. Kitenzi chake kimo katika kauli ya kutendeka. Kiima chake ni somo, si mwanafunzi, na mtenda hatajwi. Ni sentensi ya jamii moja na "mlango umefunguka" au "barabara inapitika": hali imetokea, au jambo limewezekana, lakini nani aliyefungua na nani aliyepita ni habari nyingine. Somo limeeleweka, lakini kwa nani? Kwa watoto 80 waliokuwa wamebanana madawatini, au kwa kumi walioketi mbele?

Si haki kudai kwamba mwalimu anayeandika hivyo anasema uongo. Anaandika alichokisikia. Dakika moja kabla ya kengele ameuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima limemjibu kwa sauti ya kutikisa bati, "Ndiyo, mwalimu!" Tena katika kipindi kizima amekuwa akiwapa nusu ya neno na kuwaachia nusu ya pili, kwa ile namna inayofahamika kwa kila aliyesoma katika shule za Afrika Mashariki: "Kumi ukitoa saba unapata ta...?" Nao humalizia kwa pamoja, "...tu!" Jambo lililothibitishwa hapo ni la kifonolojia zaidi kuliko la kihesabu. Mtoto mwenye masikio mazima, mzawa wa lugha, akipewa silabi *ta* katika mazingira ya namba ana majina mawili tu chini ya kumi ya kuchagua, *tatu* na *tano*, na jirani yake akianza kutamka, shaka huondoka. Kiitikio ni kitu kizuri katika ngoma na katika kaswida. Katika kupima ufahamu wa mtoto mmoja mmoja hakina thamani yoyote.

Dawa inayopendekezwa na walimu wa sehemu nyingi duniani ni ndogo na ya bei rahisi. Zikisalia dakika tatu au nne, kila mtoto hupewa swali moja, hulijibu peke yake juu ya kipande cha karatasi, humkabidhi mwalimu anapotoka, na mwalimu huvitumia vipande hivyo kuamua kesho aanzie wapi. Wengine wamekwisha kuanza kukiita kipande hicho kwa jina la tiketi, kwa kufuata lugha ilikotoka. Hakuna haja ya mkopo huo. Tiketi katika Kiswahili hukatwa na anayeanza safari, na hapa safari ya kipindi inamalizika. "Swali la kufungia kipindi" latosha. Linasema ni nini na linafanyika lini. Nadharia yake nayo si ngeni. Michael Scriven alitenganisha mwaka 1967 tathmini inayotengeneza kazi ikiwa bado inaendelea na ile inayohukumu kazi iliyokwisha, na Paul Black na Dylan Wiliam walionyesha mwaka 1998, kwa kukusanya tafiti nyingi, kwamba tathmini ya aina ya kwanza huinua mafanikio ya wanafunzi, hasa walio nyuma. Hayo waalimu vyuoni wameyafundisha sana. Lililosahaulika ni kwamba swali la kufungia kipindi ni matini ya Kiswahili, na jibu lake ni matini ya Kiswahili pia. Na katika matini hizo mbili ndimo mambo yanamoharibika au kutengenea.

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kuliangalia jambo hili, kwa sababu ni mahali ambapo wengi wangedhani tatizo la lugha halipo. Hapa Kiswahili hakikuja na shule. Kilikuwapo sokoni, bandarini na misikitini kabla ya wamisionari wa Roho Mtakatifu kufungua kituo chao mwaka 1868, na kabla ya Wajerumani kuufanya mji kuwa makao yao makuu ya mwanzo. Mtoto wa mjini, wa Kaole au wa Mlingotini, hata kama bibi yake ni Mkwere, Mzaramo au Mdoe, huingia darasa la kwanza akiongea lugha ambayo vitabu vya Kuhesabu vimeandikwa. Ndiyo maana mjadala wa lugha ya kufundishia, ambao umekula wino mwingi tangu Tume ya Makweta mwaka 1982 hadi Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, umeng'ang'ania shule za sekondari. Shule za msingi zimehesabiwa kuwa zilikwisha kukombolewa mwaka 1967.

Dhana hiyo ina upungufu. Mtoto asiyejua neno hukaa kimya, na kimya chake huonekana. Mtoto anayelijua neno kwa maana nyingine hujibu kwa furaha, na kosa lake hufichika. Hisabati za Kiswahili zimejengwa kwa maneno ya nyumbani: toa, gawa, zidisha, tofauti, sehemu. Ni uamuzi uliokuwa wa busara. Istilahi za aina hiyo hukaa ulimini bila taabu. Lakini kila neno limehamia darasani na mzigo wake. Mpishi akiambiwa azidishe chumvi, huongeza. Basi mtoto akiambiwa "Zidisha 6 kwa 3" akaandika 9, hakukosa Kiswahili. Ametumia Kiswahili cha jikoni pahali palipohitaji cha ubaoni. Akiulizwa tofauti ya 9 na 4 akajibu kwamba moja kubwa na nyingine ndogo, amesema kweli tupu.

Neno *gawa* lina habari ndefu zaidi katika mji wa wavuvi. Darasani, kugawa ni kugawa sawa kwa sawa. Usawa umo ndani ya neno na hausemwi. Ufukweni mgao hauendi hivyo. Chombo kina sehemu yake, nyavu zina sehemu yake, nahodha ana yake, na wavuvi wengine hupata kilichobaki kwa desturi inayojulikana. Mtoto aliyekua akiona mgao huo anajua, tena kwa uhakika kuliko mwalimu wake aliyehamishiwa kutoka bara, kwamba kugawa samaki 12 kwa watu watatu si lazima kila mmoja apate wanne. Swali la kufungia kipindi likiandikwa "Gawa samaki 12 kwa wavuvi 3" litaleta majibu ambayo mwalimu atayatia alama ya kosa bila kujua kwamba ameuliza swali la uvuvi. Likiandikwa "Watoto 3 wamegawana samaki 12 sawa kwa sawa. Kila mmoja amepata wangapi? Chora," limepima kile lililokusudia kupima. Tofauti ya maswali hayo mawili ni ya maneno machache tu.

Kwa hiyo ubora wa zoezi hili hautokani na karatasi wala na dakika tatu. Unatokana na swali. Swali baya la kufungia kipindi ni baya kuliko kutouliza kabisa, maana humpa mwalimu uhakika wa uongo ulioandikwa kwa kalamu. Hapa yafaa kukaa kidogo na namba zenyewe, kwa kuwa hata mwalimu mwangalifu wa maneno huweza kuteleza kwenye namba.

Uchukuliwe mfano wa kutoa kwa kuazima, mlima wa kwanza mkubwa katika madarasa ya chini. Mwalimu anaandika: 52 − 27. Jibu sahihi ni 25. Mtoto mmoja anaandika 35. Amefanya nini? Yawezekana hajui kuazima kabisa, na katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka katika kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2 ni 5, kisha 5 toa 2 ni 3. Lakini yawezekana pia kwamba anajua kuazima, ameazima kumi moja akapata 12, akatoa 7 akabakiwa na 5, ila amesahau kwamba safu ya makumi imepungua, akatoa 2 katika 5 akapata 3. Watoto wawili wenye maradhi mawili tofauti wameleta jibu moja. Wa kwanza anahitaji kurudishwa kwenye vijiti na visoda, afungue fungu la kumi kwa mikono yake mwenyewe. Wa pili anahitaji kukumbushwa tu. Mwalimu aliyeshika karatasi zenye 35 hawezi kuwatenga. Sasa ibadilishwe tarakimu moja: 53 − 27. Jibu ni 26. Asiyejua kuazima ataandika 34. Aliyesahau kupunguza makumi ataandika 36. Karatasi zinajitenga zenyewe. Sababu yake si uganga: tofauti ya tarakimu za mamoja ikiwa 5, njia zote mbili hukutana, kwa kuwa 5 na kumi toa 5 ni kitu kimoja, ikiwa namba nyingine yoyote, njia huachana. John Seely Brown na Richard Burton walikwisha kuonyesha huko Marekani mwaka 1978 kwamba makosa ya watoto katika kutoa si uzembe bali ni kanuni, ila kanuni mbovu, na kwamba mtoto huifuata kanuni yake mbovu kwa uaminifu mkubwa. Mwalimu anayechagua namba zake kwa kuijua siri hiyo anahitaji swali moja tu kupata habari ambayo mwingine hataipata kwa maswali ishirini.

Hali ni hiyo hiyo kwingineko. Anayepima kuzidisha kwa 2 × 2 hapimi kitu, kwa sababu anayejumlisha naye hupata 4. Anayeuliza ipi kubwa kati ya nusu na robo, katika mji ambao kila mtoto ametumwa dukani kununua robo ya sukari, anapima duka. Aulize 1/3 na 1/5, ambazo hazinunuliwi, na amwombe mtoto achore. Hapo ndipo ataona ni wangapi wanaoamini kwamba tano inaishinda tatu popote itakapowekwa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kuletwa, yasiyofungamana na mila za elimu za Pwani. Historia ya Bagamoyo yenyewe inawakanusha. Kabla na baada ya kuja kwa shule za serikali, watoto wa mji huu wamesoma vyuoni. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, aliufanya mji huu kuwa kitovu cha twarika ya Qadiriyya na cha usomeshaji wake. Katika chuo cha Kurani watoto husoma kwa sauti za pamoja, na mgeni apitaye nje husikia mvumo mmoja. Lakini mvumo huo si kipimo. Kipimo hufanyika kando: mtoto hufika mbele ya mwalimu peke yake na ubao au msahafu wake, husikilizwa, na asipoweza harukishwi kwenda aya inayofuata. Ni kweli kwamba kinachosikilizwa ni hifadhi na matamshi, si ufahamu, na hilo lisifichwe. Hata hivyo utaratibu wa kumsikiliza mmoja mmoja kabla ya kumpeleka mbele ulikuwapo. Shule ya kisasa ilichukua mvumo ikaacha kusikiliza.

Kuacha huko kuna sababu, na ya kwanza ni idadi. Ada ilipofutwa mwanzoni mwa MMEM, mwaka 2002, na michango ilipofutwa tena kuanzia 2016, madarasa ya kwanza yalifurika. Mwalimu wa watoto 80 hawezi kumsikiliza kila mmoja. Angetumia siku nzima. Ndipo kipande cha karatasi kinapopata maana. Karatasi moja iliyo na jibu fupi husomwa kwa sekunde tano. Karatasi 80 ni sekunde 400, yaani chini ya dakika saba. Robo ya ukurasa wa daftari lililokwisha yatosha. Kwa darasa la kwanza, ambao kalamu bado inawashinda, visoda vilivyopangwa juu ya dawati au mchoro wa vidole hufanya kazi ile ile. Baada ya hapo hakuna kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Kuna kupanga mafungu: waliopata, waliokosa kwa namna moja, waliokosa kwa namna nyingine. Mafungu hayo ndiyo mwanzo wa kipindi cha kesho.

Na lisitolewe alama. Hili lapaswa kusemwa kwa ukali, kwa kuwa historia ya nchi inalo somo. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, aliilaumu mitihani iliyopima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa kwa muda uliowekwa. Azimio la Musoma la 1974 likaagiza kazi za kila siku za mwanafunzi zihesabiwe katika kumpima. Kusudi lilikuwa jema. Lakini kazi ya kila siku ilipogeuzwa alama, iligeuka mtihani wa kila siku, na daftari la maendeleo likawa safu za tarakimu ambazo hazisemi mtoto anajua nini. Swali la kufungia kipindi likitiwa alama, litafuata njia hiyo hiyo wiki ya kwanza. Litafuata njia mbaya zaidi likiambatana na kiboko: mtoto anayeogopa fimbo ataangalizia kwa jirani, na mwalimu atakusanya karatasi 80 zenye akili ya watoto watano. Jina la mtoto liwepo kwenye karatasi, ili asaidiwe. Karatasi yake isisomwe mbele ya wenzake.

Ipo hoja nyingine dhidi ya zoezi hili, nayo ni nzito kuliko ile ya uhaba wa karatasi. Mtoto anayejibu sawa dakika nne baada ya kuoneshwa mfano ubaoni huenda anauiga mfano. Jibu lake sahihi ni la muda, kama maandishi ya mchangani maji yakiwa yametoka. Hoja hii ni ya kweli. Inapunguza kile kinachoweza kudaiwa kutokana na majibu sahihi. Haipunguzi hata kidogo kile kinachopatikana katika majibu ya kukosa, maana anayeshindwa mfano ukiwa bado uko ubaoni hawezi kusemwa kwamba amesahau. Kwa hiyo karatasi za waliopata ziaminiwe kwa tahadhari, na swali lile lile lirudi baada ya wiki likiwa na namba nyingine.

Kupinga zoezi hili kwa kuwa lina kasoro, wakati kilichopo ni "Somo limeeleweka," ni kusahau muda ambao kosa la mtoto hukaa bila kuonekana. Tangu 2010 upimaji wa Uwezo, uliofanyika majumbani, ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa darasa la tatu hawakuzimudu hesabu za darasa la pili. Watoto hao hawakuwa watoro wote. Walikuwa wameitikia "Ndiyo, mwalimu" kwa miaka miwili. Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa upande wake, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na katika taarifa hizo za hisabati hueleza kwa Kiswahili kizuri ni kosa gani lilifanyika na kwa nini, pamoja na mifano ya majibu yenyewe. Ni hazina ambayo idara za Kiswahili hazijaichimba. Lakini mtoto ambaye jibu lake limechapishwa kama mfano wa kosa amekwisha kuondoka shuleni. Uchambuzi ule ule, ukifanywa na mwalimu wake juu ya kipande cha karatasi saa tano ya siku ile ile, ungemkuta bado yuko uwanjani akicheza.

Hapa ndipo wasomi wa Kiswahili wanapodaiwa. Wamesanifu istilahi na kuziingiza katika vitabu. Hawajakwenda kusikiliza zinavyokaa katika kichwa cha mtoto wa miaka kumi. Chukueni *kigawe* na *kigawo*. Mwanaisimu huufurahia uhusiano wao: kiishio -e cha mtendwa, kama katika *kiumbe* na *mtume*, na kiishio -o cha kifaa, kama katika *kifuniko*. Kigawe ndicho kigawanywacho, kigawo ndicho kigawacho. Ni usanifu wa kupendeza, na umeutundika uelewa mzima wa Kigawe Kidogo cha Shirika na Kigawo Kikubwa cha Shirika juu ya irabu moja ya mwisho, katika darasa la watu 80, ubao ukiwa umefifia. Je, watoto wanaisikia irabu hiyo? Wanaiona maana ya kutendwa ndani yake, kama wanavyoiona bila kufundishwa katika *mtume*, au wamekariri KDS na KKS kama namba za magari? Hakuna anayeweza kujibu kwa kukaa maktabani. Mwalimu akiuliza "Andika kigawe kimoja cha 12 na kigawo kimoja cha 12," mtoto mjanja ataandika 12 na 12, atakuwa sahihi kabisa, na hakuna atakayejua chochote. Akiuliza "24 ni kigawe au ni kigawo cha 12? Umejuaje?" ataletewa sentensi.

Neno hilo la mwisho ndilo lenye kazi. *Umejuaje* linamrudisha mtenda aliyepotea katika "Somo limeeleweka": kiambishi *u-* ni mtoto huyu mmoja, na *-je* inamtaka aeleze njia. Majibu yatakuja na tahajia mbovu, na lahaja ya nyumbani, na mengine yatakuwa "nimejua tu." Hata hilo ni jibu. Karatasi hizo kwa sasa, pale zinapoandikwa, huishia kufungia karanga. Idara moja ya Kiswahili ikipeleka wanafunzi wake wawili wa uzamili katika shule tatu za Bagamoyo kwa muhula mmoja, kuzikusanya kwa idhini ya walimu, kuyaondoa majina na kuzipanga kwa makosa ya hesabu na kwa makosa ya lugha, itakuwa imepata data ambayo hakuna kamusi ya istilahi iliyowahi kuwa nayo. Na walimu wa shule hizo watakuwa wamepata jioni ile ile orodha ya watoto wa kuanza nao asubuhi.